Jinsi ya kulala usiku bila simu, wakati simu hiyo hiyo ndo benki, ndo duka, ndo habari za nyumbani

Naandika hii kwa ajili ya yule mtu ambae saa saba usiku bado kaishika simu, macho yanawaka, kesho ana kazi, na ukimuuliza ulikua unaangalia nini hata hakumbuki. Mi nilikua hivyo karibu miaka miwili. Nauza viatu vya mtumba, wateja wangu wengi wananipata WhatsApp na Instagram, sasa ule ushauri wa "we zima tu simu ulale" haukunisaidia kitu, maana humo humo ndo inaingia hela ya wateja, mama yangu yupo Tanga ana presha, kuna grupu la ukoo, kuna wazazi wa shule, huwezi kuzima ukalala kwa amani. Nilichokuja kuelewa ni kwamba simu yetu ni vitu viwili ndani ya kimoja. Kuna simu ya kupigiwa na ya hela, hiyo iache wazi. Na kuna simu ya kuskroli, hiyo ndo ya kulazwa. Ukishavitenganisha hivyo viwili kazi inakua nyepesi sana.

Halafu anza na usiku. Usihangaike na mchana kwanza, mchana utashindwa siku ya pili tu na utakata tamaa. Mtu aliyelala vizuri hata mchana hamalizi siku nzima kwenye simu, ila aliyelala masaa manne anaitafuta simu ili imkeshe, halafu usiku imkeshe tena, ndo mzunguko ulivyo.

Kabla ya kubadili chochote, siku 3 andika tu. Kwenye simu za Android fungua mipangilio tafuta Nidhamu Dijitali, iPhone wao wana Screen Time, vyote hivi vilikuja 2018 kwa hiyo kama simu yako sio ya zamani sana utavikuta. Angalia masaa, lakini angalia zaidi namba ya mara ngapi umeifungua simu kwa siku, hiyo ndo iliyonishtua mimi. Na chukua karatasi andika saa uliyoiweka simu chini kila usiku. Kwa kalamu, sio ndani ya simu, maana ukiingia kuandika humo hutoki.

Sasa tuje kwenye bando, maana hapa ndo pana mtego ambao ushauri mwingi wa kwenye mitandao hauugusi, wameuandika watu wenye waifai ya mwezi mzima nyumbani. Sisi tunanunua bando la siku, linaisha baada ya masaa 24, ukiangalia saa nne usiku zimebaki MB 600 na zinakufa saa tano, unasema siwezi kuacha hela yangu ipotee, unaanza kuangalia video ambazo hata hukuzitaka. Au unasubiri saa sita ifike ujiunge na bando la usiku kwasababu GB ni za bei chee. Nilishapiga hesabu, hiyo GB ya usiku ilikua inanigharimu asubuhi nzima ya kesho yake, nachelewa kufungua mzigo, nakuta wenzangu washachagua viatu vizuri, mi nabaki na vya mwisho.

Dawa yake ni ndogo tu. Kama unanunua bando la siku, nunua asubuhi, mfano saa moja, ili life asubuhi. Hapo hakuna cha kukimbizana nacho usiku. Ukiweza nunua la wiki. Na kama kweli unahitaji bando la usiku kwa ajili ya kushusha muvi au masomo, jiunge, weka ishuke, halafu ipeleke simu sebuleni au jikoni ikashushe huko peke yake. We nenda kalale.

Watu wengi wakisikia habari ya usingizi na simu wanakimbilia kuweka rangi ya giza au ya njano kwenye kioo, wanaona wamemaliza. Ni kweli mwanga una madhara. Kuna utafiti wa Harvard uliotoka mwisho wa 2014, watu walikua wanasoma kwenye kioo cha mwanga masaa kama 4 kabla ya kulala, siku 5 mfululizo, na usiku mwingine wanasoma kitabu cha karatasi. Kwenye kioo walichelewa kupata usingizi, homoni ya usingizi ikachelewa kama saa moja na nusu, asubuhi wakaamka wazito. Lakini angalia hapo, kuchelewa kwenyewe kulikua kama dakika 10 tu. Mi na wewe hatucheleweshwi dakika 10, tunacheleweshwa masaa matatu! Kwa hiyo rangi ya kioo ni kitu kidogo. Kinachotukesha ni kilichomo ndani, ule ugomvi wa kwenye komenti, meseji ya mteja anaelalamika, stetasi ya mtu uliyeachana nae, video moja inaleta nyingine.

Na hiyo ya video moja kuleta nyingine haikutokea tu yenyewe. Zamani ukurasa ulikua unaisha, ukifika chini unabonyeza ili uende wa pili, na pale pale ndo akili inapata nafasi ya kusema ebu inatosha. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani anaitwa Aza Raskin akatengeneza ule mfumo wa ukurasa usioisha, na baadae mwenyewe akasema hadharani anajutia. Nakwambia hili ili uache kujiona huna msimamo. Unashindana na kitu kilichoondolewa mwisho wake makusudi, kwa hiyo mwisho inabidi uuweke wewe kwa mkono. Mi nafanya hivi: siskroli nikiwa nimelala, ni marufuku. Nikitaka kuangalia TikTok nakaa kwenye kiti, mgongo wima, taa imewashwa. Ukikaa hivyo mwili wenyewe unachoka na unakwambia. Ukiwa umejilaza hauchoki hadi simu ikuangukie usoni. Chaja nayo iondoe kitandani, iweke ukuta wa mbali kabisa au chumba kingine.

Najua swali lako. Je mtu akiumwa usiku? Hili ndo lililonizuia mi muda mrefu, na majibu yapo humo humo kwenye simu.

Ingia mipangilio, fungua Usinisumbue, ile inayonyamazisha simu (kwa Kiingereza Do Not Disturb). Weka ijiwashe yenyewe kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ndani yake ruhusu simu za watu uliowawekea nyota tu, wachague wachache, mi nina sita. Halafu kuna sehemu ya wanaopiga kwa kurudia, iwashe. Kwenye Android mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu inaita, hata kama hana nyota, iPhone ni ndani ya dakika 3. Ukishaweka hivyo waambie ndugu: "Usiku ukinihitaji kwa dharura usitume meseji, piga, nisipopokea piga tena hapo hapo." Mama nilimwelekeza kwa mdomo nilipoenda kumsalimia, akaelewa mara moja, akasema kumbe mwanangu ulikua hulali kwa ajili yangu. Iliniuma kidogo, maana kiukweli sikua nakesha kwa ajili yake.

Kama unaweza kutoa kidogo, nunua kitochi. Kile kidogo cha vitufe, cha tochi, wengine wanaita kiswaswadu. Laini yako ya kupigiwa na ya hela hamishia humo moja kwa moja, simu ya tachi iwe na laini ya bando tu. WhatsApp haitakufa, inaendelea kufanya kazi kwenye simu ya tachi hata laini ikiwa imetoka, almradi usiifute apu. Ila ukija kuiweka upya itatuma namba za kuthibitisha kwenye laini, zitaingia kwenye kitochi, na hizo namba usimpe mtu yeyote hata akisema anatoka wapi. Huduma za pesa zote zinafanya kazi kwa menyu ya kawaida, mtu wa Vodacom ni ile ile *150*00#. Chaji inakaa siku kadhaa, alamu ipo, redio ipo. Kinalala pembeni ya mto wangu na kikiita usiku najua ni mtu, sio apu.

Alamu usiidharau, maana wengi tunasema simu lazima iwe kitandani kwa ajili ya alamu. Wengine ni kuamka alfajiri kuswali, wengine Biblia ipo kwenye simu. Niko pamoja na wewe kwenye hilo, lakini jiangalie kwa uaminifu, ukifungua kwa ajili ya aya moja kabla hujafika umeshakutana na notifikesheni saba na akili imeshaondoka. Saa ya mezani ya kengele haina gharama kubwa, na Msahafu au Biblia ya karatasi iweke pale pale simu ilipokua inakaa.

Magrupu sasa. Kwetu kutoka kwenye grupu sio kubonyeza tu, ni kama umesusa msiba. Tangu 2022 ukitoka WhatsApp inawajulisha maadmini peke yao, lakini jina lako linakaa kwenye orodha ya waliotoka siku 60 na yeyote kwenye grupu anaweza kuiangalia, kwa hiyo grupu la ukoo mi sishauri utoke. Liakaivu, yaani liweke pembeni (Archive). Zamani ukiakaivu meseji mpya ikiingia linarudi juu, tangu 2021 linabaki huko huko chini kimya, unapata taarifa pale tu mtu akikutaja jina au akikujibu wewe. Hayo ya michango ya harusi ambazo zilishapita, hayo toka bila wasiwasi, mshukuru mweka hazina kwanza faragha ndo utoke. Na ingia sehemu ya faragha uzuie watu kukuongeza kwenye magrupu hovyo hovyo, weka ni watu wa kwenye kontakti zako tu.

Kwa wakubwa toa taarifa mapema ili usionekane una dharau. Mi niliandika hivi na unaweza kuichukua kama ilivyo: "Shikamoo shangazi. Grupu la familia nalisoma kila siku jioni nikishafunga kazi. Likitokea la ugonjwa au msiba naomba unipigie, muda wowote napokea." Hakuna aliyenuna.

Tiki za bluu zima pia. Zilikuja 2014 na zimegombanisha wapenzi wengi na marafiki wengi bila sababu, mtu ameona hajajibu, anapanga maneno kichwani mpaka usiku wa manane. Ukizizima na wewe huoni za wenzako, na hiyo ndo faida yenyewe. Ila ndani ya grupu hazizimiki, hilo lijue. Halafu punguza data za nyuma ya pazia kwa Instagram, TikTok na Facebook, ziwe zinapata intaneti pale tu unapozifungua wewe. Bando nalo litakaa zaidi, utaliona ndani ya wiki.

Usiku tatu za mwanzo ni ngumu, sikufichi. Mkono unaenda wenyewe pale simu ilipokua. Unahisi kama kuna kitu kimetetema na hakuna. Usijilazimishe kulala saa hiyo hiyo, washa redio ya kitochi taratibu, ongea na mwenza wako au mdogo wako mnaelala chumba kimoja, kunja nguo za kesho. Mimi usiku wa nne nililala saa tano kasoro, ilikua haijanitokea muda mrefu. Nikiteleza, na nateleza hasa kipindi cha mechi, sianzi upya kuhesabu siku, usiku unaofuata simu inarudi sebuleni basi.

Kwa watoto nitasema kidogo tu. Shirika la Afya Duniani 2019 walishauri mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Kama mtoto wako hali uji bila katuni, usimnyang'anye ghafla, anza kuiondoa kwenye mlo mmoja, na we mwenyewe usiwe umeshika yako wakati unamlisha.

Na kuna watu simu kwao ni pa kujifichia. Kama unakesha kwasababu ya kubeti, au madeni ya mikopo ya kwenye apu, au ukiweka simu chini mawazo yanakuja mengi mpaka unaogopa, hapo mipangilio ya simu haitatosha. Tafuta mtu mmoja unaemwamini umwambie yote, na ukiweza fika kituo cha afya uwaambie hulali. Kutolala ni sababu tosha ya kwenda hospitali, usisubiri uumwe kingine.

Mwisho ni kwa wenzangu wa biashara, mnaoogopa kupoteza mteja wa saa sita usiku. Ingia WhatsApp Business, ile apu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, kuna sehemu ya ujumbe wa kutokuwepo, inajituma yenyewe kwa muda uliopanga. Wangu unasema: "Asante kwa kunitafuta. Duka nimefunga saa tatu usiku, nafungua saa moja asubuhi. Tuma picha ya kiatu na saizi yako, asubuhi utakua wa kwanza kujibiwa." Halafu kweli asubuhi waanze hao. Weka leo kabla hujalala, haichukui hata dakika tano.