Somo: Kurekodi mdudu maji moto kwa karibu bila video kutikisika wala kuwa na ukungu

Maji moto wa kwenye mwembe, yaani sisimizi anayeshona majani kuwa kiota, hafiki hata sentimita moja. Ukimrekodi hadi awe mkubwa kwenye skrini, makosa ambayo hayaonekani ukirekodi harusi yanajitokeza yote: pumzi yako, upepo, jani linalocheza. Wengi hukimbilia kununua lenzi nyingine. Piga hesabu kwanza. Kwa kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha) cha upana wa milimita 36, mdudu akionekana kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, kamera ikisogea nusu milimita tu picha inaruka pikseli 27 hivi kwenye video ya 1920 kwa 1080. Na kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), sehemu inayoonekana kali ina unene wa karibu milimita moja. Basi kazi ni mbili: kuzuia mtikisiko, na kupata mwanga wa kutosha.

Hatua ya 1: Saa na kiota. Nenda asubuhi, saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, kabla upepo haujaamka. Tafuta kiota kinachoendelea kujengwa, cha majani mabichi, usawa wa kifua. Kile cha majani makavu mara nyingi wameshakihama.

Hatua ya 2: Kaza tawi. Chomeka fito ardhini, ubane tawi kwenye fito kwa kibanio cha nguo, sentimita 30 kutoka kwenye kiota. Ukibana karibu zaidi, mtetemo utawatoa wote nje wakiwa wamebinua matumbo tayari kurusha tindikali, na hapo huna tena video ya kazi, una video ya vita. Paka fito grisi chini ya kibanio, la sivyo watateremka hadi kwenye kamera.

Hatua ya 3: Tuliza kamera. Tumia tripodi, au mfuko wa kilo moja ya maharage ukiwa unarekodi chini. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi kamera ikiwa kwenye tripodi. Mara nyingi hicho ndicho kinachofanya picha ielee polepole bila sababu.

Hatua ya 4: Mipangilio. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/100 (kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde), tundu f/8. Ile kanuni ya shata kuwa mara mbili ya fremu, yaani 1/50, haifai hapa: miguu ya mdudu anayekimbia inageuka moshi. Ukikuza kiasi hiki mwanga unaofika kwenye kihisi hubaki robo, yaani f/8 inafanya kazi kama f/16. Chini ya mwembe usishangae ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kufika 1600 au 3200. Usivuke f/11, sehemu kali itaongezeka unene, lakini picha nzima itapungua ukali.

Hatua ya 5: Fokasi. Hapa ndipo video nyingi huharibika. Zima fokasi ya kujiendesha, kwa sababu itahangaika kati ya vipapasio vya mdudu na jani la nyuma. Usimfukuze mdudu kwa kuzungusha pete ya lenzi. Funga kamera kwenye reli ndogo ya kusogeza, uisogeze yote mbele au nyuma, kisha tulia usubiri.

Usubiri wapi? Pale kingo mbili za majani zinapokutana. Mfanyakazi atakuja na buu mdomoni, aligusishe ukingo huu, kisha ule, huku na huku kama mtu anayepaka gundi. Uzi mweupe wa hariri unatoka kwa buu, si kwa aliyelibeba. Tendo lote hufuata mshono wa majani, kwa hiyo weka kamera sambamba na mshono huo: ile milimita moja itatosha kichwa, buu na uzi kwa pamoja.

Hatua ya 6: Lainisha mwanga. Mwili wa maji moto unang'aa, na jua kali huacha doa jeupe kichwani lisilorekebishika kwenye kompyuta. Tanda kitambaa cheupe chepesi kwenye fremu ya sentimita 40 kwa 40 kati ya jua na kiota. Upande wa kivuli simamisha kadi nyeupe.

Maswali ya wanachama

*Natumia simu na lenzi ya kubana. Katikati ni safi, pembeni kuna ukungu. Nifanyeje?*
Lenzi hizo pembeni ni dhaifu. Rekodi kwa 4K, mdudu awe katikati, kisha kata kingo hadi 1080. Hakikisha lenzi imekaa sawasawa juu ya kamera kuu, na uzuie simu isihamie kamera nyingine yenyewe.

*Usiku nikiwasha taa ya LED, mistari myeusi inapita kwenye video.*
Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Baki kwenye 1/50 au 1/100. Ukitaka fremu 120, tumia tochi ya betri kwa mwanga wake wa juu kabisa. Ikipunguzwa, tochi nyingi nazo hupepesa.

*Naweza kuwaweka kwenye friji kidogo wapunguze mbio?*
Hapana, ndugu. Unamtesa mdudu, na video yenyewe itakuumbua: miguu imekunjika, vipapasio havichezi, na akitoka tu kwenye baridi mwili unafunikwa na matone ya maji. Nenda nusu saa mapema zaidi.