Mifumo miwili inashindana kazini na wewe ndo kiongozi: jipime wewe kwanza

Ukiongoza watu, hata wanne tu, siku itafika utatakiwa uchague. Daftari au programu, mfumo uliozoeleka au ule mpya ambao kijana wa mauzo kauona kwa jirani. Wengi tunakimbilia kulinganisha bei, na bei ni lazima uiangalie, ila mimi nilichoona mara nyingi kinachoamua sio bei, ni bosi alivyo yeye kama mtu, na mwenyewe wala hajui kama ndo kinachoamua. Kwahiyo kwenye haya maelezo naanza na wewe, mifumo yenyewe tutaifikia.

Kaa chini ujiulize, huu mfumo tulionao nani aliuleta? Kama ni wewe basi jua kabisa macho yako hayaoni sawa. Niliwahi kufanya kazi kwenye duka la jumla la spea Mwanza, bosi alitengeneza faili la Eksel la stoo kwa mikono yake, miaka minne analiongezea, rangi zake, fomula zake, na lilimsaidia kweli. Kijana akaleta programu ya mauzo yenye kile kimashine cha kusoma bakodi, bosi akaitazama dakika tano akasema hapana, hii ya watoto. Wiki hiyohiyo Eksel inasema bearing zipo 40, mimi na dada wa stoo tumepanda ngazi tumehesabu mara mbili, zipo 11. Bosi akawageukia vijana kwamba wanaiba. Hakuna aliyeiba, ni mauzo ya Jumamosi yalikuwa yanaandikwa kwenye karatasi na karatasi haziingizwi. Ila kwake kusema faili lina kasoro ilikuwa sawa na kusema yeye ana kasoro.

Na sio bosi wa Mwanza peke yake, imewatokea watu wakubwa mno. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme Pearl Street, New York, mwaka 1882, umeme wa DC, ule unaoenda upande mmoja kama wa betri. Shida ilikuwa umbali, ukizidi kama kilomita moja na nusu toka kituoni umeme unaishiwa nguvu njiani, kwahiyo mji mmoja unataka vituo kibao. Kulikuwa na aina nyingine, AC, umeme unaogeuza upande kila mara kama wa majumbani leo, huo unapandishwa volti kwa transfoma, unasafiri mbali, afu unashushwa karibu na nyumba, na William Stanley alishaonyesha inawezekana mwaka 1886 kwenye kamji ka Great Barrington. Mwaka 1888 George Westinghouse, mshindani wa Edison aliyekuwa anauza AC, akachukua hataza (haki za uvumbuzi) za mvumbuzi Nikola Tesla za mota ya AC. Sasa Edison alikuwa na hoja ya kweli, volti kubwa inaua, lakini badala ya kuijaribu AC pembeni taratibu aone, maabara yake ikamsaidia Harold Brown, mtu aliyekuwa anaua mbwa kwa AC mbele ya watu ili umeme ule uonekane wa kifo. Mwaka 1892 kampuni yake ikaunganishwa na kampuni shindani, Thomson-Houston, ikawa General Electric, jina la Edison limetoka, na aliyepewa kuongoza ni Charles Coffin wa upande wa pili. Mwaka uliofuata maonyesho makubwa ya Chicago yakawashwa taa na Westinghouse, kwa AC.

Mi simuoni Edison mjinga. Ule ubishi wa kutokukata tamaa ndo uliompa balbu, na ubishi huohuo ndo ulimfunga macho. Ndo maana nasema ujijue, kwasababu sifa iliyokupandisha cheo inaweza kuwa ndo itakayokuangusha siku ya kuchagua.

Wanasaikolojia wameliangalia hili. Barry Staw mwaka 1976 aliwapa wanafunzi wa biashara kazi ya kugawa hela za utafiti kwenye kampuni ya kuigiza. Wale waliochagua wenyewe idara ya kupewa hela, afu wakaambiwa imefanya vibaya, ndo walioimwagia hela nyingi zaidi mara ya pili! Unaongeza hela ili ionekane hukukosea mwanzo.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kujifanya mgeni. Mwaka 1985 Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, walikuwa wanapoteza hela kwenye chipu za memori, Wajapani wamewazidi, na Andy Grove, mmoja wa viongozi wake, akamuuliza mwenzake Gordon Moore, tukifukuzwa leo akaja mkurugenzi mpya atafanya nini? Jibu likawa wazi, ataachana na memori. Basi wakaamua kufanya hivyo wao wenyewe. Wewe chukua karatasi, andika: leo nimeacha kazi, kesho anaingia mtu asiyemjua yeyote hapa, ataweka mfumo gani? Andika kwa mkono, usifikirie tu kichwani, kichwani utajidanganya.

Ukimaliza hapo njoo kwa watu wako. Achana na vile vipimo vya tabia vya herufi nne, kama INTJ, vya kumwambia mtu wewe ni aina fulani, wengi wakirudia baada ya wiki chache wanatoka aina nyingine. Wasomi wanatumia zaidi sifa kuu tano za tabia: kupenda mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, kuelewana na watu, na wasiwasi. Kila mtu anazo zote, tofauti ni kiasi tu. Huhitaji kumpima mtu kwa fomu, umeshafanya naye kazi, unamjua. Anayependa vitu vipya usimpe kazi ya kuusifia mfumo mpya, ataifanya hata usipomwomba, mpe kazi ya kuleta vitu vitano ambavyo huo mfumo hauwezi. Mwenye wasiwasi msikilize mpaka mwisho tafadhali, watu wanamwona mkorofi lakini yeye ndo atauliza umeme ukikatika tunauzaje, na hilo swali nyie wote mlikuwa hamjaliwaza. Wa kuelewana na watu ndo mgumu kuliko wote maana kwenye kikao atasema ndio bosi, afu kazini hautumii. Huyo mwombe maoni kwa maandishi kabla ya kikao, na wewe kiongozi usiseme unapendelea upi mpaka wengine wote wameshaongea, ukitangulia tu umeua mjadala.

Jaribio lenyewe lisimamiwe na mtu makini, sio mchangamfu. Pale Mwanza, bosi alipokubali tujaribu kwanza, tulimpa dada wa stoo, mpole, haongei, tukachagua shelfu moja tu la bearing na oil seal, wiki mbili, mifumo yote miwili sambamba. Kabla ya kuanza tukaandika vya kupima: tofauti ya hesabu na mzigo halisi, dakika za kumhudumia mteja, na mara ngapi mfumo umekwama. Lazima iwe kabla, ukisubiri majibu yatoke utachagua kipimo kinachokupendelea. Na tarehe ya kuamua ibandikwe ukutani, la sivyo majaribio hayaishi.

Bosi alihesabu mwenyewe siku ya mwisho, hatukumsomea. Programu ilikosea vitu viwili, Eksel kumi na tisa. Alinyamaza, baadae akasema haya iwekeni, na fomula zake za kuagiza mzigo tukazihamishia humo, zilikuwa nzuri kuliko za programu.

Hilo nalo usilisahau, mfumo ulioshindwa una vitu vyake. Kampuni ya umeme ya New York iliacha kuwauzia wateja umeme wa DC mwaka 2007, miaka 125 tangu Pearl Street, na bado leo umeme wa Ethiopia unaingia Kenya kwa laini ya DC ya zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Suswa, kwasababu kwa vifaa vya siku hizi, kwa safari ndefu namna hiyo, DC ndo inapoteza kidogo. Kwahiyo usichome cha zamani, kitafutie sehemu yake. Sisi daftari la kuandikia mauzo lilibaki chini ya kaunta, umeme ukikatika dada wa stoo analivuta, anaandika, ukirudi anaingiza kwenye programu mstari kwa mstari na kuweka tiki kwa kalamu nyekundu.