Kabla hujanunua gemu, jiulize pedi ya pili ataishika nani

Chumba changu cha gemu kipo Mbagala: televisheni tatu na mashine za PlayStation, yaani PS4 mbili na PS5 moja. Kwa miaka saba nimeona watu wakijibana hadi wakanunua gemu, na baada ya wiki wanakuja kuniuliza kama nitainunua mimi. Mara nyingi gemu yenyewe haina ubaya. Hawakuangalia tu kama ni ya kucheza peke yako, ya kucheza na mtu mliyekaa naye benchi moja, au ya kucheza na mtu aliye mbali.

Anza na wewe mwenyewe. Kwa wiki moja, kila ukiwasha mashine kumbuka ulikuwa na nani. Kama ni usiku, watoto wamelala na una saa moja tu, usiongeze hela kwa sababu umeambiwa gemu fulani inachezwa na watu wengi. Nina mteja fundi magari aliyeimaliza God of War ya 2018 hapa kwangu, akija kila jioni akitoka gereji na kulipia saa moja. Gemu ile haina hata kipande cha kucheza wawili. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kama mpo wawili nyumbani, geuza kasha usome nyuma. Kuna alama ndogo zenye namba. Moja inahesabu wanaoweza kucheza kwenye mashine moja, nyingine inahesabu wa mtandaoni. Ile ya kwanza ikisema 1, hata ununue pedi nne atacheza mmoja. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni, shuka chini kwenye ukurasa wa gemu, utayakuta maelezo hayo hayo.

Wanaoumia zaidi hapa ni wanunuzi wa GTA V. Waliocheza GTA ya zamani, San Andreas, kwenye PS2 wanakumbuka zile alama za mtaani, ukizifikia mwenzako anashika pedi ya pili na mnaingia wote kwenye skrini moja. Wanaamini iliyokuja baadaye haiwezi kukosa. Inakosa. GTA V, ya 2013, ina hadithi ya mchezaji mmoja na ina upande wa mtandaoni. Kwenye televisheni moja mtapokezana pedi tu. Ndugu wawili walichangishana wakainunua, wakaja kunionyesha kwa furaha, na mimi ndiye niliyelazimika kuwaambia. Yule mdogo aliinama, hakusema kitu. Tangu siku ile, mtu akiniuliza gemu ya kununua, namuuliza kwanza anacheza na nani.

It Takes Two ya 2021 iko kinyume kabisa: peke yako huchezi hata hatua moja. Mnagawana skrini, na kila mmoja ana kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya. Mwenzako akiwa Mwanza, ukinunua wewe yeye anapakua toleo la rafiki bila kulipa. Kwa mtu na mdogo wake, au mke na mume, sijaona hela inayokwenda mahali pazuri kuliko hapo.

Mpira ndio unaonilipia kodi ya chumba. Hapa anayefungwa anaachia pedi, na foleni ya Jumamosi inafika nje. Ila sikiliza: kama wapinzani wako ni hawa hawa wa mtaani, huhitaji toleo la mwaka huu. FIFA 23, ya mwisho kabla jina halijawa EA Sports FC, bado inachezeka vizuri; utakosa usajili mpya wa wachezaji, basi. Toleo jipya linamhusu zaidi anayecheza mtandaoni, maana wapinzani wake wanahamia huko kila mwaka.

Na huyo wa mtandaoni ahesabu hela zote: gemu, bando, na PlayStation Plus, usajili wa kulipia ili ucheze mtandaoni. Kwenye PS3 kucheza mtandaoni kulikuwa bure. Tangu PS4 gemu nyingi za kununua zinadai usajili huo. Fortnite, gemu ya bure ya kupigana mtandaoni, haiudai, kwa hiyo itumie kupimia mtandao wako kabla hujalipia kitu kingine. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuchagua eneo la seva, yaani kompyuta za mbali zinazoendesha gemu. Kila eneo lina namba ya milisekunde, muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi; linganisha Ulaya na Mashariki ya Kati, uchague yenye namba ndogo. Pima saa ile ile unayocheza siku zote, siyo asubuhi wakati mtaa mzima uko kazini. Ukiona adui anaruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati, tatizo ni mtandao, na gemu ya bei kubwa haitaliondoa.

Diski zilizotumika zinataka tahadhari ya peke yake. The Crew, gemu ya magari ya 2014, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa gemu nzima ilizitegemea, hata aliyekuwa akiendesha peke yake hawezi tena kuingia. Kwa hiyo ukiuziwa diski ya zamani, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, muache ijisakinishe, halafu mzime intaneti muone inafika wapi.