Kuchagua tela la boti kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini: alumini au chuma kilichopakwa rangi

Mtu anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe na kumiliki boti hulazimika kuivuta kwa gari kila anapotaka kuvua au kutembeza wageni. Hushuka nayo Matema, Manda, Bwawa la Mtera au Ziwa Rukwa, kisha huipandisha tena mlimani siku hiyo hiyo au siku ya pili. Tela linapitia mateso ambayo boti yenyewe haiyajui, na ndiyo maana uamuzi wa kununua la alumini au la chuma kilichopakwa rangi unapaswa kupimwa kwa maji yetu, barabara zetu na mafundi wetu. Ushauri mwingi unaosambaa uliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani, na mtu wa huku akiufuata bila kuupima anaweza kulipa fedha nyingi kwa kinga ambayo haihitaji.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa boti itakayoteremshwa Ziwa Nyasa na Mtera tu, tela la chuma lililoundwa vizuri na kutunzwa rangi yake linatosha, na kwa wengi ndilo chaguo la busara zaidi. Alumini inastahili bei yake, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi, endapo boti itapelekwa pia baharini au endapo gari linaloivuta lina uwezo mdogo. Sababu zake ni hizi.

Kwanza ni maji. Sifa kubwa ya alumini ni kustahimili chumvi. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni badiliko la kikemia linaloendeshwa na mkondo huo mdogo wa umeme, hivyo chuma kilichochubuka rangi na kuzamishwa baharini huliwa haraka sana. Alumini ikiguswa na hewa hujifunika utando mwembamba na mgumu wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujitengeneza upya. Hata hivyo, Ziwa Nyasa na Mtera ni maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari. Humo chuma hushika kutu polepole zaidi, na rangi isiyoachwa na majeraha hukilinda kwa miaka mingi.

Ziwa Rukwa ni suala jingine, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba alumini haidhuriki na maji yoyote. Maji ya Rukwa yana magadi. Utando unaoikinga alumini huwa imara katika maji yenye pH (kipimo cha asidi na magadi majini) ya kati ya 4 na 8.5 hivi; magadi yakizidi kiwango hicho, utando huanza kuyeyuka na madini hubaki bila ulinzi. Anayekwenda Rukwa mara kwa mara asuuze tela lake kwa maji safi kabla halijakauka, liwe la alumini au la chuma. Saruji mbichi nayo ina asili hiyo hiyo ya magadi, kwa hiyo tela la alumini lisiegeshwe mahali pa ujenzi ambapo zege litalirukia na kugandia juu yake.

Kuna adui mwingine ambaye watu wa pwani hawamtaji, nao ni mbolea. Huku kwetu tela halikai bure msimu wa kilimo unapoanza. Boti hushushwa, na tela hubebeshwa viazi, mahindi na mifuko ya mbolea ya kukuzia. Mbolea nyingi ni aina ya chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani, na punje zikijipenyeza kwenye maungio hukaa zikilowana na kuila fremu kuliko safari nyingi za ziwani. Kama tela lako litafanya kazi hiyo, tandika turubai chini ya mzigo na lioshe siku hiyo hiyo.

Pili ni uzito na barabara. Lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7 na ya chuma kilo 7.85, lakini usitegemee kwamba tela la alumini litakuwa na theluthi ya uzito wa mwenzake. Alumini hupinda kwa urahisi karibu mara tatu kuliko chuma chenye umbo na unene ule ule, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kutumia mihimili yenye kimo kikubwa zaidi. Tena ekseli, springi na magurudumu yana uzito ule ule kwa matela yote mawili. Kwa boti ya mita tano au sita, tofauti inayobaki mara nyingi ni kama kilo mia moja. Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye gari la wastani. Barabara ya kutoka Mbeya hupanda kwanza Isongole, kisha huteremka Kiwira na Tukuyu hadi Kyela; jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi, kwa hiyo kila kilo inayoshuka wikendi hii itapaswa kupandishwa tena. Anayetoka Iringa kwenda Mtera ana mteremko wake wa Nyang'oro. Wepesi hufaa pia ufukweni, kwa kuwa Matema ni mchanga mtupu, na tela zito huzama magurudumu na kuhitaji watu wengi wa kulisukuma.

Lakini barabara hiyo hiyo inayosifu wepesi wa alumini huufichua udhaifu wake. Chuma kina kiwango cha msukosuko ambacho kikitikiswa chini yake kinaweza kuvumilia bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho: kila mtikisiko, hata mdogo, huongeza uchovu wake kidogo, na baada ya muda nyufa huanza kwenye matundu ya bolti na kwenye ncha za maungio yaliyochomelewa. Kwenye lami jambo hili halina haraka. Kwenye barabara za vumbi zenye mikunjo kama ya mabati, kama zile za kuelekea Rukwa au baadhi ya zile zinazoteremka ziwani upande wa Ludewa, linastahili kufikiriwa kwa makini. Ufa katika chuma kilichopakwa rangi hujitangaza, kwa sababu rangi hupasuka na mstari mwekundu wa kutu hujitokeza. Katika alumini ufa ni mstari mwembamba wa kijivu unaoweza kupitwa na jicho, na mwenye tela hana budi kuutafuta kwa tochi.

Hapo ndipo linapokuja suala la fundi, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Kutoka Uyole hadi Kyela hukosi mtu mwenye mashine ya kuchomelea kwa stiki, na mtu huyo anaweza kuunga fremu ya chuma iliyokatika ukafika nyumbani kabla ya giza. Alumini haiungwi hivyo. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, ilhali utando wake wa oksidi huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, kwa hiyo inahitaji mashine maalumu, gesi ya agoni na mkono uliozoea. Zaidi ya hapo, aina za alumini zinazotumika kutengenezea fremu hupata nguvu yake kwa kupashwa moto kiwandani kwa utaratibu maalumu, na joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo kando ya kiungo. Ndiyo maana matela mengi mazuri ya alumini hufungwa kwa bolti. Ukiamua kununua alumini, chagua lililofungwa hivyo, uwe na bolti za akiba ndani ya gari, na usikubali fundi wa njiani ajaribu kuliunga kwa stiki.

Sasa namna ya kulikagua la chuma. Jambo la kwanza ni umbo la fremu. Bomba la mraba huonekana safi na imara, lakini maji huingia ndani yake na kuoza hutokea upande ambao brashi haifiki. Chaneli, yaani chuma chenye umbo la U kilicho wazi upande mmoja, huonyesha kila kitu, hukauka upesi na hupakwa rangi pande zote; nikiwa na hiari ya kuchagua, nachagua chaneli. Kama tela ni la mabomba, hakikisha kuna matundu ya kutolea maji katika sehemu za chini kabisa, kisha gonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Mlio mkali ni dalili ya chuma kizima. Mlio uliokufa, hasa karibu na ekseli na chini ya mbao zinazobeba boti, ni sababu ya kusita. Rangi mpya inayong'aa kwenye tela kuukuu isikuvutie. Kwangu ni onyo, kwa kuwa kutu iliyofunikwa huendelea kula chini kwa chini, na lililotumika baharini kabla ya kuletwa nchini huenda bado lina chumvi ndani ya mabomba.

Ukishalinunua, uhai wake uko mikononi mwako. Kila jeraha la jiwe au mchanga lishughulikiwe mapema: sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe kionekane, futa mafuta na vumbi, paka praima ya chuma, na ikikauka paka rangi ya mafuta tabaka mbili. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi. Tukuyu na maeneo jirani ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na rangi inayopakwa juu ya chuma kilicholowa umande hubanduka kabla ya mwaka kwisha.

Ukipata tela la chuma lililochovywa katika zinki, ambalo wengi huliita la gavanaizi, lipe nafasi ya kwanza. Fremu nzima huzamishwa katika zinki iliyoyeyuka kwenye joto la nyuzi 450 hivi, na zinki huingia hadi ndani ya mabomba. Hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma kikiwa salama. Chungulia kwenye ncha ya bomba: ukiona kijivu cha zinki ndani, limechovywa kweli, ukiona kutu, limepakwa rangi ya fedha tu. Likihitaji kuchomelewa, fundi aiondoe kwanza zinki kwa grainda na afanye kazi mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa.

Kwa tela la alumini, ukaguzi ni wa sehemu zinazogusana. Alumini ikikutana na madini kama chuma au shaba katika unyevu, ndiyo inayoliwa. Tazama kila bolti ya chuma: unga mweupe kuizunguka ni alama ya ulaji huo, na kinga yake ni washa za plastiki au mpira. Kwa wakazi wa huku nasisitiza tahadhari na mbao zilizotiwa dawa. Mbao za misindano kutoka Mafinga ni nzuri kwa kulalia boti, lakini dawa inayotumika mara nyingi huwa na shaba, na shaba ni miongoni mwa madini yanayoidhuru alumini zaidi. Usifunge mbao hizo moja kwa moja juu ya fremu. Weka kipande cha mpira mzito katikati.

Hata uchague lipi, ekseli, springi, habu (vitovu vya magurudumu) na breki karibu kila mara ni za chuma, na zikishindwa mlimani hakuna fremu itakayokuokoa. Kwenye miteremko mirefu teremka kwa gia ndogo, simama njiani na upime joto la habu kwa kusogeza mkono karibu. Ukifika ufukweni usiliingize tela majini papo hapo. Habu yenye joto ikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, kisha huvuta maji kupitia sili hadi kwenye beringi. Subiri ipoe kabisa, na tumia grisi inayostahimili maji.

Kabla ya kulipa, hakikisha nyaraka za tela zinalingana na namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kuwa tela husajiliwa TRA kama vyombo vingine vya barabarani. Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo mwingine ndani ya boti, na ukirudi kaza upya nati zote za magurudumu, za ekseli na za winchi, maana nyingi hulegea kidogo katika kilomita za mwanzo.