Laptopu imekataa neno la siri unalolijua: fanya haya kabla ya kupiga Windows upya

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake ikiwa na alama za mtihani za kidato kizima. Neno la siri analiandika kila siku, jana yake lilikubali, asubuhi likakataa. Fundi wa kwanza alishamwambia dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta kila kitu. Mwishowe hakikufutwa kitu: tatizo lilikuwa alama moja, @, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu, kwa sababu inawatesa wengi wenye laptopu zilizotumika Ulaya.

Neno la siri halijibadilishi. Likikataa ghafla, ama anayekuuliza si yule uliyemzoea, ama kinachoifikia kompyuta si kile ulichobonyeza. Sababu nyingine zipo, lakini anza na hizo mbili.

Hatua ya 1: Mjue anayekuuliza

Ukiulizwa kwenye skrini nyeusi kabla hata nembo ya Windows haijatokea, hiyo ni BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na haihusiani kabisa na neno lako la Windows. Skrini ya bluu yenye maneno "BitLocker recovery" ni ya kufuli la Windows linalofunga diski nzima, nayo inataka ufunguo wa tarakimu 48. Ukiona jina lako na kisanduku cha kuandikia, hapo ndipo umefika Windows.

Ndani ya Windows nako kuna PIN na kuna neno la siri, na ni vitu viwili tofauti. Bonyeza "Sign-in options" chini ya kisanduku: alama ya ufunguo ni neno la siri, alama ya vitufe vya namba ni PIN. Wengi huandika moja mahali pa nyingine, hasa baada ya masasisho kubadilisha kisanduku kinachotokea kwanza.

Hatua ya 2: Restart, kisha Caps Lock

Chagua "Restart", si "Shut down". Laptopu nyingi zenye Windows 10 na 11 hazizimiki kikamilifu ukichagua "Shut down". Ikishawaka tena, hakikisha Caps Lock imezimwa.

Hatua ya 3: Tazama kinachoandikwa kwa macho yako

Hapa usiharakishe. Acha kulijaribu neno lile lile mara ishirini. Anza kuandika, kisha upande wa kulia wa kisanduku itatokea alama ya jicho. Ishikilie uone herufi zenyewe. Jicho likitoweka, futa yote uanze upya, litarudi. Hakikisha tu hakuna mtu nyuma yako.

Kwa mwalimu wangu, jicho lilionyesha alama za kunukuu mahali pa @. Baadhi ya laptopu zinazouzwa Kariakoo au Nairobi zilitumika kwanza Uingereza. Kwenye kibodi ya Uingereza, Shift na 2 hutoa alama za kunukuu, na @ iko karibu na Enter. Kwenye mpangilio wa Marekani ni kinyume chake. Ukibadilika mpangilio, vidole vinabonyeza palepale na kompyuta inapokea kitu kingine. Tuseme neno lako ni Mwanza@2019 na umelizoea kwa mpangilio wa Marekani:

- ukiwekwa wa Uingereza, kompyuta inapokea Mwanza"2019
- ukiwekwa wa Ujerumani, Z na Y zinabadilishana, inapokea Mwanya"2019
- ukiwekwa wa Ufaransa, ambao wenzetu wa Kongo na Burundi wanaujua vizuri, inapokea ?zqnwq2éà&ç

Jicho likikuonyesha kitu cha namna hiyo, shida umeipata. Angalia kona ya chini kulia ya skrini: ukiona ENG, FRA au DEU, bonyeza hapo uchague mpangilio mwingine, au shika kitufe cha Windows ubonyeze Space. Hapa pana mtego: maandishi hayo hayatokei kama mpangilio uliowekwa ni mmoja tu. Usidhani basi kwamba mpangilio ni sahihi. Fungua alama ya Accessibility kwenye kona hiyo hiyo, washa "On-Screen Keyboard", uandike kwa kubofya na kipanya. Kibodi ya kwenye skrini inaonyesha herufi kama kompyuta inavyozielewa, hivyo @ utaibofya pale inapoonekana, popote ilipo.

Mtego wa pili ndio unaofanya tatizo lirudi kila ukiwasha. Skrini ya kuingilia ina mipangilio yake, tofauti na ya akaunti yako. Unaweza kurekebisha kibodi ukiwa ndani na kila kitu kikaandika vizuri, lakini kesho mlango ukakataa tena. Ukishaingia, nenda Settings, Time & language, Language & region, kisha "Administrative language settings". Bonyeza "Copy settings", weka tiki kwenye "Welcome screen and system accounts", halafu anzisha upya. Kwenye Windows 10 ukurasa huo huo uko Control Panel, Region, kichupo cha Administrative. Futa pia mipangilio usiyoitumia, maana ikibaki mtu atabonyeza Windows na Space bila kujua na mtarudi mwanzo.

Jambo moja dogo kwa wenye laptopu ndogo za zamani: Num Lock ikiwaka, baadhi ya herufi za upande wa kulia hugeuka namba. Ukiandika juma inatoka 140a. Izime kwa Fn na NumLk.

Hatua ya 4: Kibodi yenyewe

Kitufe kilichomwagikiwa chai hakiandiki, au kinaandika mara mbili. Jicho litakuonyesha. Chomeka kibodi ya USB ya waya. Mimi siamini ya Bluetooth kwa kazi hii, kwa sababu kabla ya Windows kuamka mara nyingi haisomeki kabisa.

Hatua ya 5: Akaunti ya Microsoft

Kama unaingia kwa barua pepe, jiulize kama umebadilisha neno la siri kwa simu siku za karibuni. Laptopu isiyo na intaneti bado inalikumbuka la zamani, lijaribu hilo. Au unganisha Wi-Fi hapohapo kwenye skrini ya kuingilia, halafu andika jipya. Ikiwa hata jipya linakataa, weka lingine kwa kutumia simu kwenye account.live.com/password/reset.

Akaunti isiyo na barua pepe ikikataa, maneno "Reset password" hutokea chini ya kisanduku. Bonyeza ujibu maswali uliyoyaweka wakati wa kuifungua. Programu za flashi za kufuta neno la siri sizipendi: faili ulizozifunga kwa EFS (kufuli la faili la Windows) na maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari huenda zisifunguke tena.

Hatua ya 6: BitLocker na BIOS

BitLocker huamka hasa baada ya BIOS kusasishwa au kuguswa. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa simu, kwa barua pepe iliyotumika kuifungua laptopu. Linganisha herufi nane za kwanza za "Key ID" na zile za kwenye skrini, kisha andika tarakimu zote 48. Laptopu ya ofisi au chuo, ufunguo muulize mtu wao wa TEHAMA. Ukikosekana kabisa, mafaili yaliyomo hayasomeki, na fundi anayekuahidi vinginevyo usimlipe.

Neno la BIOS kwenye laptopu za zamani liliondoka kwa kutoa betri ndogo ya CR2032. Kwenye nyingi za sasa halitoki hivyo, na njia halali ni kampuni iliyoitengeneza, ukiwa na risiti. Kwa hiyo ukienda kununua iliyotumika, iwashe mwenyewe dukani na ujaribu kuingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai neno la siri, muuzaji aliondoe mbele yako kabla hujatoa hela.