Kusubu sanamu ya mke wa mungu Amun kwa nta na mukuba

Sanamu nzuri kuliko zote za aina hii ni ya Karomama, "mke wa mungu" Amun (cheo cha kuhani wa kike) kule Thebes, mji wa Misri ya kale: shaba nyeusi (mukuba, yaani shaba nyekundu, uliochanganywa na bati), karibu sentimita 59, tupu ndani, imepambwa kwa dhahabu na fedha. Champollion, msomi Mfaransa wa maandishi ya Misri, aliinunua mwaka 1829 na iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Ukubwa huo uuache kwanza. Lubumbashi mukuba, makala na udongo wa kichuguu vinapatikana, basi anza na sentimita 19.

Vipimo ni vya Wamisri wenyewe: miraba 18 kutoka nyayo hadi nywele zinapoanzia kwenye paji. Mraba mmoja uwe sentimita 1. Goti liko mraba wa 6, kiwiko wa 12, bega wa 16. Mabega ya mwanamke ni membamba, kama miraba 5. Mikono inyooshwe mbele, ngumi zikiwa na tundu la kushikia kayamba za sistro. Kayamba zenyewe zitengeneze kando. Za Karomama zimepotea, zimebaki ngumi tu.

Kiini, yaani udongo wa katikati unaoifanya sanamu iwe tupu ndani, ndicho kinachoharibu kazi za wengi. Changanya udongo wa kichuguu uliochekechwa sehemu 2, mchanga laini 2, kinyesi cha ng'ombe kikavu 1. Kinyesi kikiungua huacha vitundu vya kupitisha gesi. Finyanga umbo jembamba kuliko sanamu, likauke, lichome, kisha lipime kwenye mizani. Paka nta ya nyuki milimita 4, chonga uso na gauni, weka njia ya kumiminia kwenye nyayo na njia za hewa kutoka kwenye ngumi. Pima tena: tofauti ndiyo nta yako. Madini huwa mazito mara 9 kuliko nta, lakini hesabu mara 10 ili yasipungue. Nta gramu 120 inataka mukuba gramu 1,080 na bati (madini ya tin, si bati la paa) 120.

Sasa piga misumari myembamba 6 ipenye nta hadi kwenye kiini, vichwa vikibaki nje sentimita 1. Bila misumari, nta ikitoka kiini kinalala upande mmoja na sanamu inatoka na tundu mgongoni.

Paka uji laini wa udongo kwa brashi mara tatu, halafu udongo mzito hadi sentimita 3: hiyo ndiyo kalibu. Kausha kivulini. Kiangazi ndiyo majira yake, ila upepo wa Juni hupasua kalibu, ifunike gunia.

Choma kalibu mdomo ukitazama chini ili nta iyeyuke na kutoka, hadi weusi wa mdomoni uishe. Ifukie ikiwa bado ya moto kwenye mchanga mkavu, mdomo juu. Unyevu kidogo tu hugeuka mvuke na kurusha madini usoni. Vaa kinga ya uso na viatu vya ngozi. Mukuba huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Ufunike kwa unga wa makala, bati liingie mwishoni kwa sababu huungua haraka. Mimina mara moja bila kusita. Mafundi wa Misri ya baadaye waliongeza risasi ili madini yatiririke. Wewe usiiguse, moshi wake ni sumu.

Kalibu ikipoa ivunje, kata njia, ng'oa misumari na uzibe matundu kwa vijiti vya shaba ileile. Mapambo ya kola yachimbwe mifereji iliyo mipana chini kuliko juu, kisha waya wa fedha ugongwe humo taratibu hadi ujae. Mfereji ulionyooka hauushiki.