Somo: Kuchora dhoruba baharini, anza na upepo

Wengi wakitaka kuchora dhoruba huanza na wimbi. Mimi huanza na upepo, na siku nikisahau picha huniharibikia.

Hatua ya 1. Kabla ya rangi yoyote, chora kwa penseli mshale wa upepo pembeni mwa turubai. Kila kitu kiutii: tanga, bendera, moshi, povu linalopeperuka. Nimeona picha ambayo bendera inapepea kushoto huku povu likirushwa kulia. Baharia angecheka.

Tazama mchoraji Mfaransa Géricault alivyoutumia upepo katika "Chelezo cha Medusa" (1819). Meli Medusa ilikwama pwani ya Mauritania mwaka 1816, watu wapatao 147 wakapakiwa kwenye chelezo, yaani jahazi bapa la mbao zilizofungwa pamoja. Walipookolewa walikuwa 15. Katika picha, meli ya uokozi ni kidoa tu kwenye upeo, upande wa kulia. Tanga la chelezo limejaa upepo unaokisukuma kushoto. Wanaume wanapunga vitambaa kuelekea kulia, upepo unawapeleka kwingine. Uchungu wote wa picha umo kwenye tanga lile.

Hatua ya 2. Upeo uwe sawa, chombo ndicho kiende mrama. Mchoraji Mholanzi Rembrandt, mwaka 1633, aliuweka mlingoti mshazari kabisa katika picha yake ya dhoruba ya Galilaya. (Usiitafute makumbushoni: iliibwa Boston mwaka 1990, haijapatikana hadi leo.)

Hatua ya 3. Wimbi ni zito chini na jembamba juu. Kitako kiwe cheusi-buluu. Karibu na kilele, maji yakiwa membamba, acha mwanga upenye, rangi iwe ya kijani angavu. Aivazovsky, mchoraji wa bahari wa Urusi, alifanya hivyo katika "Wimbi la Tisa" (1850), jua likichomoza nyuma ya manusura walioshikilia mlingoti uliovunjika.

Hatua ya 4. Povu mwishoni, kwa mkono mwepesi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, povu langu linafanana na pamba. Nakosea wapi?
Jibu: Umelijaza nyeupe tupu. Povu nalo lina kivuli. Lipake kijivu-buluu kwanza, nyeupe safi uiweke sehemu moja au mbili jua linapogonga.

Swali: Mimi sijawahi kuona dhoruba baharini. Niache?
Jibu: Usiache. Aivazovsky mwenyewe alichora bahari akiwa chumbani, kwa kumbukumbu; aliamini wimbi haliwezi kunaswa kwa brashi papo hapo. Lakini alikuwa ameitazama bahari miaka mingi. Nenda ukatazame maji yoyote yanayopigwa na upepo.

Swali: Ni kweli mchoraji Mwingereza Turner alifungwa mlingotini kwa muda wa saa nne ili aione dhoruba?
Jibu: Alidai hivyo kuhusu picha yake ya mwaka 1842 ya meli ya mvuke. Wataalamu wengi wanatilia shaka. Mimi namsamehe, maana ule mzunguko wa theluji na moshi unakufanya ushike kiti.

Swali: Watu niwachore wakubwa kiasi gani?
Jibu: Ukitaka bahari itishe, wadogo. Ukitaka tuwahurumie, wasogeze karibu hadi tuone mikono yao.